Egzosi mpya ya Raptor: kazi safi sana, lakini simu mpige nyinyi

Kama uko na Ford Ranger Raptor ya V6, ile ya silinda sita, na unataka ingurume vizuri bila kukuumiza kichwa ndani, peleka kwa hawa mafundi wa egzosi walio upande wa Lunga Lunga pale Industrial Area. Mimi nimewapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nitasema imeenda wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu nguvu, maana watu wanauziwa hewa hapa Nairobi. Hii injini ya lita 3.0 yenye turbo mbili inatoa nguvu za farasi 397 na msokoto wa 583 Nm, lakini zile zinatoka Uingereza ni farasi 288 na 491 Nm kwa sababu ya sheria za moshi za Ulaya, na hakuna bomba lolote fundi atakuchomelea huko nyuma likurudishie hiyo tofauti. Ukibadilisha kuanzia nyuma ya katalitiki, kile kifaa cha kusafisha moshi, unapata sauti, gari inaitikia mguu haraka kidogo, basi. Hawa jamaa waliniambia hivyo wenyewe kabla sijatoa hata shilingi, na hapo ndipo waliponishika.

Tena walikataa kabisa kugusa katalitiki. Kuna gereji nyingine nilienda kuuliza bei, fundi hata hajainama kuangalia chini ya gari ananiambia tuitoe tuweke bomba tupu atanipunguzia bei, ati ananisaidia! Ndani ya hiyo kitu kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na yeye anajua vizuri sana pa kuuza, wewe unabaki na taa ya injini kwa dashibodi na harufu inakufuata mpaka Kitengela.

Sasa kazi yenyewe. Bomba ni stenlesi ya daraja la 304, nendeni na sumaku mhakikishe, ile ya 409 inanasa papo hapo lakini 304 haishiki, labda kidogo tu kwenye kona kwa sababu chuma kimekunjwa. Na kona zao zimekunjwa na mashine yenye kiini ndani kwa hivyo upana wa bomba ni ule ule mwanzo mpaka mwisho, si zile za kubanwa mpaka zinakunjamana kama shingo ya kobe. Kilichonifurahisha zaidi ni kuchomelea: kabla ya kugusa kiungo fundi anaziba ncha za bomba na foili, anaingiza gesi ya argoni ndani, anangoja, ndio anaanza. Bila hiyo, stenlesi inaungua upande wa ndani inafanya vidonge vidonge vyeusi ambavyo huwezi kuviona ukiwa nje, halafu nyufa zinaanzia hapo. Niliomba kuchungulia ndani ya kiungo kimoja kabla hawajafunga, kilikuwa laini na king'aavu.

Mvumo ndio ulikuwa wasiwasi wangu. Hii gari iko na gia 10, ukiwa Southern Bypass umetulia injini inazunguka pole pole, tuseme 1,800 kwa dakika, na V6 inalipua mara 3 kila mzunguko, kwa hivyo unapata mipigo 90 kwa sekunde, sauti nzito inayojaa kwa kabini mpaka abiria wa nyuma wanashika masikio. Walichofanya ni kuongeza kwa kila upande kabomba ka pembeni kamezibwa mwisho, urefu wake umepimiwa huo mvumo, sauti inaingia inagonga mwisho inarudi imegeuka inazima ile nyingine. Resoneta, kile kifaa cha kupunguza mvumo ndani ya egzosi, pia waliiacha. Sasa naongea na mama watoto bila kupaza sauti, na nikikanyaga kupita lori pale Rironi inanguruma mpaka mwili unasisimka, kwa kweli naipenda sana hii gari.

Vali za umeme, zile za kufungua na kubana sauti ya egzosi, zilirudishwa zikafanya kazi kwa modi zote, Quiet, Normal, Sport na Baja. Hilo msikubali kulipoteza, kuna mafundi huzifunga zikae wazi milele. Tunaishi kwa fleti, majirani wana watoto, na NEMA, mamlaka ya mazingira, iko na kanuni za kelele tangu 2009. Saa kumi na moja asubuhi nikitoka naweka Quiet, na Baja hata Ford wenyewe wanasema ni ya nje ya barabara tu.

Nyota iliyopotea ni ya mawasiliano. Unaambiwa kesho jioni, inakuwa kesho kutwa, na hakuna mtu anakupigia, ni wewe unawatafuta. Flenji, zile sahani za kuunganisha mabomba, pia ziliongezwa kwa bili baada ya kukubaliana bei, tukabishana kidogo wakakubali tugawane. Jumla ilifika kama laki moja na nusu, na kwa kazi ya namna hii sioni kama ni ghali.

Rudini wawakazie klampu baada ya bomba kupata moto na kupoa mara kadhaa, hiyo ni bure. Na kama unataka ncha nyeusi sema mapema, hizo hawaweki stoku.