Mamogramu ya marudio baada ya upasuaji wa titi: uzoefu wangu wa vituo viwili

Naandika kwa ajili ya mwanamke aliyemaliza matibabu ya saratani ya titi, akaambiwa "rudi baada ya mwaka na mamogramu", yaani picha ya eksirei ya titi, na hajui akapimie wapi wala abebe nini. Mwaka 2024 nilipimwa sehemu mbili ndani ya mwezi mmoja, titi lilelile, nikapewa majibu mawili tofauti. Majina ya vituo sitayataja, nitaeleza huduma.

Kwa ufupi, nilifanyiwa upasuaji 2021, titi la kushoto. Uvimbe ulikuwa wa sentimita mbili hivi. Daktari aliutoa akaliacha titi, akatoa na tezi za kwapani. Nikapata dripu za tibakemia, kisha mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na tangu hapo nameza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, kila usiku. Naishi Morogoro, nauza vitenge. Kliniki yangu iko Dar. Mwanzoni nilikuwa naenda kila baada ya miezi mitatu, siku hizi ni miezi sita, na mamogramu mara moja kwa mwaka.

Mamogramu ya 2022 na ya 2023 nilipigwa kwenye hospitali iliyonifanyia upasuaji. Mwaka 2024 nikakuta mashine imeharibika na hakuna anayejua itatengemaa lini. Dada yangu anayekaa Dar akanielekeza kituo binafsi cha vipimo. Bima hawakupokea, nikalipa mfukoni.

Haki niseme: mapokezi yao ni mazuri. Sikukaa hata nusu saa. Nesi aliniuliza kama nimepaka chochote kwapani, akanipa kitambaa kibichi nijifute, maana poda na deodoranti huweza kutokea kwenye picha kama chembe nyeupe na kumchanganya msomaji. Hilo sikuwahi kuambiwa kokote. Mpigaji picha alikuwa mama wa makamo, mikono yake ya upole. Titi lililopigwa mionzi hukaza, ngozi yake haivutiki kama ya lile jingine, na bamba la plastiki linaposhuka unahisi kovu lote linavutwa mpaka kwapani. Alikuwa akilishusha kidogo kidogo huku akiuliza, "Mama, bado unavumilia?" Kisha, "Zuia pumzi." Sekunde chache, bamba linaachia. Picha mbili kila upande, kwisha.

Shida ilikuwa moja, ila ndiyo iliyoharibu yote. Nilikuwa na bahasha yangu kubwa ya kaki yenye picha za nyuma zote, za tangu kabla ya upasuaji, pamoja na sidii na ripoti ya maabara. Pale mapokezi niliitoa. Binti akanirudishia akasema, "Hizo hatuzihitaji mama, mashine yetu ni ya kisasa." Sikubisha. Nilidhani wao ndio wanaojua.

Ripoti ilinifikia kesho yake kwa WhatsApp, niko kwenye treni ya SGR narudi nyumbani. Imeandikwa Kiingereza cha kitaalamu, lakini mtu aliyeugua ugonjwa huu anajifunza maneno machache. Niliona kundi la 4, maana yake kuna kitu wanakitilia shaka na inabidi kichukuliwe kinyama kidogo kikapimwe maabara. Kitu chenyewe kiko karibu na kovu. Mstari wa mwisho ulisema hakuna picha za nyuma za kulinganisha. Bahasha ilikuwa juu ya kichwa changu, kwenye sehemu ya kuwekea mizigo.

Zikafuata siku kumi na moja ambazo siwezi kuzieleza zote. Duka nilifungua, lakini mteja akiniuliza bei nilikuwa namtazama tu. Mgongo uliokuwa ukiniuma kwa kubeba marobota, akilini mwangu ukawa mifupa imeingiliwa na saratani. Kikohozi cha vumbi kikawa mapafu. Usiku nilijipapasa kwapani mpaka ngozi ikawa nyekundu, na baba watoto akawa ananishika mkono bila kusema neno. Mwanamke ambaye hajapitia saratani ataona ni woga. Sisi tuliopitia tunajua kwamba ugonjwa huu ulikuja mara ya kwanza bila maumivu yoyote, kwa hiyo mwili kuwa mzima hautupi tena uhakika.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa Dar, hospitali nyingine ya rufaa, kwa barua ya daktari wangu. Hapa foleni ilinila tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, na benchi lenyewe la chuma. Lakini daktari bingwa wa mionzi alipoona bahasha, jambo la kwanza alilofanya ni kuipokea kwa mikono miwili na kuuliza, "Ya 2022 imo?"

Alizipanga picha kwenye kioo cha kompyuta, mwaka kwa mwaka, akaniita nisogee. Akanionyesha vibanio vidogo vya chuma alivyoviacha daktari wa upasuaji, vyeupe kabisa, vimekaa pale ulipokuwa uvimbe. Pembeni yake kulikuwa na duara dogo, katikati jeusi, ukingo umeanza kuwa mweupe kama ganda la yai. Akarudi kwenye picha ya 2023: duara lipo, halina ukingo. Akarudi 2022: kivuli tu. "Unaona mama? Halikuanza jana. Linakomaa kama kovu linavyokomaa." Akanieleza kwamba mafuta ya titi yakikatwa na kupigwa mionzi, sehemu yake huweza kufa na kugeuka donge, na donge hilo huweza kujitokeza hata miaka kadhaa baadaye. Kwa mkono na kwenye picha moja peke yake huweza kufanana na saratani. Ndiyo maana wanataka za nyuma.

Kwa kuwa ripoti ya kwanza ilishatia shaka, alichukua kinyama kwa sindano, akiongozwa na altrasaundi. Ganzi inachoma kidogo, halafu unasikia mlio kama wa stepla. Majibu yalitoka baada ya siku nane: mafuta yaliyokufa, hakuna saratani. Nilikaa chini kwenye ngazi za maabara nikalia, na sista mmoja akakaa pembeni yangu mpaka nilipomaliza.

Baadaye niliomba daktari wangu anipige sitiskani ya mwili mzima, nimalize hofu mara moja. Alikataa, na sababu alinipa. Kwa mtu asiye na dalili, vipimo hivyo havijaonekana kumrefushia maisha, ila vinaibua vivuli vingine vya kukimbizana navyo. Akanitajia dalili za kunirudisha kliniki kabla ya tarehe: uvimbe mpya kwenye titi, kwapani au juu ya mtulinga, ngozi ya kovu kubadilika, maumivu ya mifupa yasiyoacha hasa usiku, kikohozi kisichoisha, kupumua kwa shida, kichwa kuuma mfululizo, macho kuwa ya manjano, kupungua uzito bila sababu. Karatasi hiyo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Mgongo ukiuma naisoma, na mara nyingi nikipumzika siku mbili tatu unaacha wenyewe.

Tathmini yangu sasa. Kituo cha kwanza, upigaji picha nawapa tano kwa tano, usomaji mbili. Hospitali ya pili, foleni moja, usomaji tano, na usomaji ndio tunaoufuata. Kabla hujalipa popote, uliza hivi: nani anasoma picha, na atazitazama za nyuma? Wakisema hazihitajiki, ondoka. Omba picha zako kwenye sidii kila mwaka, usiridhike na karatasi ya majibu pekee.

Mwezi uliopita nilikipigia simu kile kituo binafsi, maana kliniki yangu inakaribia na mashine ya hospitali bado siiamini. Nilimweleza dada wa mapokezi yaliyonipata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisubiri, akarudi na jibu: nije na bahasha, daktari atazitazama zote kabla ya kuandika. Nimeweka miadi ya saa nne asubuhi. Nikitoka nitaongeza hapa kama walifanya hivyo.