Gego langu limeoshwa mara mbili: klorheksidini na ile ndugu yake jiki

Mimi hushona kofia za vito hapa Langoni, Lamu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikata uzi kwa meno. Gego la chini, upande wa kushoto, ndilo lililonilipiza. Miaka miwili nyuma lilitobolewa, likasafishwa mizizi na kuzibwa kwa mkao mmoja. Ilikuwa kazi ya haraka kweli. Nilirudi nyumbani wali haujapaliwa makaa. Haikupita miezi mingi ufizi ukaota kijipu, kinapasuka, kinajaa tena, na mdomo una ladha ya usaha. Mume wangu akanambia neno la watu wote: jino bovu dawa yake kung'oa. Nikakataa. Nikavuka Mokowe alfajiri, nikapanda basi la Malindi.

Bei na maumivu kila mtu huuliza. Mimi nataka kusema habari ya dawa ya kuoshea ndani ya mzizi, kwa sababu nimeonja zote mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa klorheksidini, ile iliyomo katika baadhi ya maji ya kusukutulia, ila hii ya mizizi ni kali zaidi, kawaida asilimia 2. Hainuki, haichomi. Niliipenda. Kule Malindi daktari, binti mdogo tu, akafungua hipokloraiti ya sodiamu, na chumba kizima kikanuka kama siku ya kufua kanzu.

"Daktari mwanangu, hiyo si jiki?"

"Ukoo mmoja, mama. Hii yangu imepimwa, asilimia 2.5. Ya nguo usiitie mdomoni."

Akanieleza kuwa bakteria wa mzizini hawaelei ovyo. Hujishika kwenye kuta, wakatoa ute wao, wakakaa chini yake kama watu waliojifunika blanketi. Hapo nikaelewa kabla hajamaliza, maana nyumba yetu ya Mkomani ina jabia, birika la kuwekea maji. Maji yakikaa, kuta zake hufanya utelezi. Unaweza kumwaga dawa, ukachota maji meupe kabisa, lakini pitisha kidole ukutani: utelezi uko pale pale. Mama alikuwa akitushusha ndani na makumbi ya nazi tusugue mpaka vidole vichubuke.

Klorheksidini huua bakteria, tena ina sifa ya kung'ang'ania ukuta wa jino na kuendelea kufanya kazi baada ya kuoshwa. Lakini haiyeyushi ule utando wa ute, wala nyama iliyokufa ya kiini cha jino. Waliokufa hubaki wamelala mle, godoro la watakaokuja. Hipokloraiti huua na kuyeyusha pia. Si dawa ya jana. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mkemia Mwingereza Henry Dakin aliitengeneza kwa asilimia 0.5 ya kuoshea vidonda vya askari.

Na haikumiminwa mara moja. Vitupa vyembamba kama sindano zangu vinakwangua, dawa inaingia polepole, inatolewa, inaingia nyingine mpya, na hivyo hivyo mpaka nikasinzia kitini na mdomo wazi. Mwishoni ikaja EDTA ya kuondoa vumbi la jino linaloziba vitundu vya ukutani. Nikauliza kwa nini asichanganye na ile klorheksidini, tupate nguvu mbili. Akatia tone la hii juu ya tone la ile kwenye kisahani. Vyote viwili vilikuwa vyeupe kama maji. Papo hapo vikageuka rangi ya kutu na kuganda. Uchafu huo ukiingia mzizini unaziba. Anayetaka kutumia zote lazima asuuze katikati.

Nisimwonee yule daktari wa kwanza, lakini. Eksirei ilionyesha mfereji mmoja wa ndani ya mzizi haukuguswa kabisa, na mfereji usiofunguliwa hauna dawa ya kuuosha. Hata daktari alisema maabara huipa hipokloraiti ushindi juu ya utando, ila kwa wagonjwa wenyewe tofauti haijaonekana wazi hivyo. Mimi bado nikirudi kitini nitaiomba hiyo inayonuka.

Ila ni dawa ya kuheshimu. Ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, uso huvimba na maumivu yake si ya kusimulia. Ndiyo maana sindano yake ina tundu ubavuni, si nchani, na jino hutengwa kwa kitambaa cha mpira ili dawa isishuke kooni na mate yasiingie mzizini. Mara ya kwanza sikuwekewa kitambaa hicho. Siku hizi nisipowekewa nitainuka niende zangu.

Kijipu kimekauka, na eksirei ya miezi sita baadaye imeonyesha kile kivuli cheusi cha ugonjwa chini ya mzizi kimepungua. Kofia ya jino bado sijavishwa, najichangachanga.

Lalamiko langu ni moja. Tone liliruka likatua kwenye mkono wa buibui langu jipya, na hakuna aliyeona mpaka nilipofika Garsen, doa la rangi ya udongo ukubwa wa kishikizo. Mwendao, vaeni leso kuukuu juu.