TPS na kibali cha kazi: nilivyojaza mwenyewe, na ile kesi ya kadi "iliyokufa"

Naandika haya Februari 2025, kadi mpya ya kazi ikiwa na wiki tatu mfukoni. TPS ni hifadhi ya muda ambayo Marekani huwapa watu walioko kwake ambao nchi zao si salama kurudi. Tarehe na ada nitakazotaja ni za TPS ya Somalia, mwaka 2024. Nchi nyingine zina tarehe zao, kwa hiyo usizichukue zangu ukazipachika kwako.

Mimi ni mtu wa Barawa, Somalia. Nyumbani twasema Chimwini, Kiswahili cha huko, lakini nimekulia Mombasa baada ya wazee kukimbia vita. Niko Columbus, Ohio, tangu 2022, na kazi yangu ni ya ghala, zamu ya usiku. TPS niliipata mara ya kwanza 2023, ile ya Somalia ilipofunguliwa upya kwa waliokuwa wanaishi Marekani tangu Januari 11 mwaka huo. Kadi ya kazi ikaja imeandikwa kwamba mwisho wake ni 09/17/24. Wamarekani huanza na mwezi, ndipo siku. Shikeni hilo.

Julai 22, 2024 likatoka tangazo kwenye gazeti la serikali: TPS ya Somalia imeongezwa miezi 18, mpaka Machi 17, 2026, na sisi tulio nayo tujiandikishe upya, mwisho Septemba 20. Siku 60 zasikika nyingi. Ukifanya kazi usiku na kulala mchana, si nyingi.

Kwa uchovu nikaenda kwa mtu anayejaza fomu, chumba cha nyuma cha duka la mabuibui na chaja za simu. Dola 450 kwa kazi yake, mbali na ada ya serikali. Nikatoa 50 ya kutangulia. Akapiga chapa kama dakika 20, kioo cha kompyuta amekigeuzia kwake, kisha akanisukumia karatasi nitie sahihi. Nikasema ngoja nisome. Nimezaliwa Machi 7. Yeye kaandika 07/03, yaani Julai 3. Ningekuwa nimezaliwa Januari 1, kama ilivyo kwenye karatasi za nusu ya watu wetu, kosa lisingejulikana kamwe. Nikafika kurasa za mwisho, pale fomu inapomtaka aliyekujazia aandike jina lake naye atie sahihi. Patupu.

"Hapa hujaandika," nikamwambia.

"Hapo si lazima, sheikh. Wewe weka sahihi yako tu."

Mtu anayetaka 450 zangu na hataki jina lake lionekane kwenye kazi yake! Nikakusanya pasipoti na kadi yangu, nikatoka. Zile 50 nazihesabu kama karo.

Jumamosi ya Agosti 3, saa sita za usiku, nikakaa mezani na chai, nikafungua akaunti kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani. Fomu ni mbili: I-821 ya TPS yenyewe na I-765 ya kibali cha kazi. Hiyo ya pili si lazima kwa anayetaka ulinzi tu, lakini nani kati yetu hali mkate wa jasho lake? Kilichonichosha ni yale maswali ya ndiyo na hapana. Umewahi kubeba silaha? Umewahi kuwa kwenye kundi la wapiganaji? Umewahi kumdhuru mtu? Ni mengi, na ukiyasoma saa saba ya usiku unaanza kujishuku mwenyewe. Lingine la kuangalia ni alama ya kundi kwenye I-765: aliyekwisha kukubaliwa TPS ni A12, C19 ni ya yule ambaye ombi lake la kwanza halijajibiwa.

Malipo yalikuwa hivi. I-821 ya kujiandikisha upya haikuwa na ada. Alama za vidole dola 30. I-765 kwa mtandao 470. Ukituma kwa karatasi ilikuwa 520. Jumla yangu 500. Mwaka 2023, kabla ada hazijabadilishwa, nililipa 545. Shangazi mmoja tunayeswali naye hakuwa na uwezo, akaomba kusamehewa ada kwa fomu I-912, akatuma kwa posta, naye akasamehewa. Risiti yangu ilikuwa kwenye akaunti kabla chai haijapoa. Baadaye ikaja barua kwamba vidole vyangu vya 2023 vitatumika tena, nisiende popote. Zile 30 hazirudi.

Kwa kazi hiyo ya mtandao natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kila kitu ni Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha mawakili.

Sasa nije kwenye kilichonikosesha usingizi, ambacho hakikuwa fomu.

Tangazo lile la Julai lilikuwa na kipengele kinachosema kadi za A12 na C19 zenye tarehe ya 09/17/24 zimeongezewa muda zenyewe mpaka Septemba 17, 2025. Hupewi stika wala muhuri. Kadi inabaki vilevile na tarehe yake ya zamani, ila kisheria ingali hai. Wiki mbili kabla kadi yangu haijafika tarehe yake, nikalichapa tangazo, nikapiga mstari wa rangi pale pahusikapo, nikampelekea mama wa ofisi ya wafanyakazi pamoja na risiti. Akaniambia atalitazama.

Jumanne, Septemba 17, mwisho wa zamu, msimamizi akaniita kando. Kesho usije, kadi yako imekwisha. Nikamtolea tangazo, nakala ya pili niliyoiweka mkobani. Akasema yeye anaona tarehe, na tarehe imefika. Nikarudi nyumbani nimevaa ile fulana ya kung'aa, nikakaa ndani ya gari mpaka jua likapanda.

Mama yangu alipiga kutoka Mombasa siku hiyohiyo.

"Ishakuja hiyo kadi?"

"Bado, mama. Lakini ile ya zamani yafanya kazi bado."

"Iliyokufa yafanya kazi vipi, mwanangu?"

Sikuwa na la kumjibu, maana hata mwajiri wangu alikuwa ameuliza hilohilo.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa Sudan Kusini, aliyepitia hayo kabla yangu. Wizara ya Sheria ya Marekani ina kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi, kifupi chake IER, chenye simu ya bure kwa wafanyakazi, na mkalimani ukimtaka unampata. Nikapiga Alhamisi. Nilieleza kwa Kiswahili, wakanisikiliza mpaka mwisho, wakaomba ruhusa yangu kuzungumza na mwajiri. Sikuombwa wakili wala senti. Walichomweleza ni kwamba kwenye fomu I-9, ile ya kuthibitisha mtu anaruhusiwa kufanya kazi, waandike tarehe mpya iliyomo katika tangazo, na kwamba hawaruhusiwi kunidai kadi nyingine wakati niliyonayo bado inakubalika. Ijumaa jioni nikapigiwa simu. Jumatatu nikarudi kazini. Siku zile sikulipwa, na sikuzidai. Nilitaka kazi zaidi ya nilivyotaka haki, niseme ukweli wangu.

Kitengo kile nakipa nyota tano, na kama zipo sita nazo zake. Mjaza fomu nampa moja, kwa sababu sufuri hairuhusiwi. Kama kesi yako ina utata, kwa mfano ulishawahi kukamatwa au ulichelewa kujiandikisha, usiige ya kwangu ya kujijazia. Tafuta wakili, au shirika lenye mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Wapo wanaotoza kidogo sana, na hao majina yao wanayaandika. Ukihama nyumba, badilisha anwani kwa USCIS ndani ya siku 10. Kuwaambia posta pekee hakutoshi.

Kadi ilitua Januari, kwenye bahasha nyeupe iliyochanganyika na matangazo ya piza. Nilimpigia mama nikiwa bado nimesimama kwenye sanduku la barua, nikamwonyesha kwa kamera. Akaniambia niisogeze karibu, hiyo picha imenifanya mzee. Kisha akauliza:

"Na hii nayo yafa lini?"

"Machi 17, mwaka ujao."

Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika, kumbe alikuwa anahesabu.

"Hiyo basi itaangukia kumi la mwisho la Ramadhani," akasema.