Uweke nini chini ya bati Tanga? Nailoni, karatasi ya lami, sintetiki na foili nimeziweka mezani

Haya jamani habari zenu, wakubwa zangu shikamooni. Leo tupo huku Kange, nyumba ya dada mmoja, kenchi zishasimama, papi, yaani zile mbao za kupigilia bati, zishapigwa, bati bado zimelazwa pale chini ya mwembe. Nimeomba nije sasa hivi kabla fundi hajapaua kwa sababu bati likishapanda ndo basi tena, ukitaka kuweka kitu chini yake itabidi ung'oe misumari, na bati lililong'olewa misumari unalijua lilivyo, matundu kila mahali.

Mezani hapa nina vitu vinne. Nailoni nyeusi, karatasi ya lami, sintetiki, na hii ya kung'aa yenye mapovu ya hewa ambayo wengi mnaiita foili. Vyote wauzaji watakwambia "hii ni ya chini ya paa". Sasa tuone.

Nailoni nitaipitia haraka maana wala haistahili muda. Hii ni ile ya kutandika chini kabla ya kumwaga zege la sakafu, hapo ndo kazi yake, na inaifanya vizuri sana. Juu ya paa hapana. Bati la Tanga saa saba mchana huwezi kuliwekea mkono, nailoni ikikaa chini yake inakauka inakuwa inavunjika vunjika, alafu haipitishi hewa kabisa, ule unyevu wa ndani ya nyumba unapanda usiku, unagusa pale juu kwenye ubaridi, unageuka maji, unadondokea dari. Unakuta mtu analalamika paa linavuja na mvua haijanyesha wiki mbili. Halivuji, linatoka jasho.

Karatasi ya lami sasa. Hii nyie mnaoangalia video za Marekani ndo mnaiulizia sana, namba 15 na namba 30. Namba 15 ya kawaida kule roli lake lina upana wa sentimita 91 na linafunika kama mita za mraba 37 hivi, namba 30 ni nene zaidi kwahiyo roli linafunika karibu nusu ya hapo. Sio kitu kibaya, wametumia miaka na miaka. Ila angalia kitu kimoja kwenye hizo video ambacho watu hawakioni: paa lao limefunikwa mbao nzima nzima kwanza, plaiwudi kote, ndo wanatandaza karatasi juu yake. Paa letu ni hili hapa, angalia, papi, alafu uwazi, alafu papi. Karatasi ya lami ukiitandaza hapa inaning'inia katikati, inajaa tumbo, na fundi akikosea hatua kidogo tu mguu unapita. Ngoja niwaonyeshe, natoboa na msumari wa bati hapa... nauvuta... mmeona? Imechanika mstari mmoja hadi mwisho. Na ikilala nje na umande inajikunja kunja. Kwahiyo kwa bati juu ya papi wazi mimi siichukui, hata ukinipa bure.

Sintetiki. Hii ni polipropilini iliyofumwa, malighafi ileile ya kiroba cha mchele, ila imepakwa tabaka juu maji yasipite. Tuirudie ile ya msumari. Natoboa, navuta, navuta... tundu limekuwa kubwa kidogo, lakini nyuzi zimekataa. Nyepesi, mtu mmoja anapanda nayo begani. Shida ni kwamba ziko za aina mbili na kwa macho zinafanana: zipo zinazopumua na zisizopumua. Isiyopumua ukiiweka kwetu huku umerudi kulekule kwenye jasho la nailoni. Inayopumua inazuia tone la maji lakini mvuke unapita, na roli lake mara nyingi ni mita moja na nusu kwa mita hamsini, yaani mita za mraba 75. Kama unaezeka vigae, na nyumba iko wazi upande wa bahari, Raskazone huko au Sahare, chukua hii wala usifikirie mara mbili, kwa sababu mvua ya huku haishuki tu, inakuja na upepo inapenya kwenye maungio ya vigae kutokea chini. Soma pia pale kwenye roli imeandikwa inavumilia jua muda gani kabla haijafunikwa, maana mafundi wetu na nyie mnajua, anaweza akaondoka kwenda harusini Pangani paa likabaki wazi mwezi mzima.

Sasa foili, na hapa ndo nataka tukae, kwa sababu wenye bati ndo wengi na tatizo letu kubwa ni joto.

Joto la bati kuja kwako kitandani sehemu kubwa linakuja kwa mionzi. Aluminiamu safi inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya hiyo mionzi, ndo maana inafanya kazi. LAKINI, inataka uwazi wa hewa, angalau sentimita mbili na nusu, kati ya upande unaong'aa na kitu kingine. Upande huo ukiubana ukagusana na bati hapo hauzuii mionzi tena, joto linapita moja kwa moja kama chuma na chuma. Mafundi wengi wanaivuta ikaze ili ipendeze. Mwambie aiache ilegee kidogo kati ya papi na papi, na chini afunge waya wa banda la kuku isije ikaanguka. Na kama ina upande mmoja tu unaong'aa basi utazame chini, vumbi halikai chini. Najua inashangaza, nilibishana na fundi hapahapa asubuhi, "kaka mkubwa, jua liko juu wewe unageuzia kioo chini?" Lakini uso unaong'aa hata ukitazama chini hautoi joto kwa wingi, sharti ni ule uwazi tu.

Kamera sogea hapa. Hiki kipande kimetoka kwenye nyumba ya karibu na bahari. Ona huu unga mweupe kwenye madoa, na hapa pembeni ilipogusa mbao imekuwa kama wavu. Chumvi hiyo, na hapo kwenye mbao ni dawa. Zile mbao za dawa zenye ukijani zina shaba ndani, zikipata unyevu zinaila aluminiamu. Kwahiyo huku pwani tafuta foili iliyopakwa tabaka la kinga juu, na mbao zikauke kwanza.

Hesabu. Msipime sakafu jamani! Nyumba hii ni mita 12 kwa 9, muuzaji akipiga 108 kugawanya roli la mita za mraba 48 anakwambia roli tatu zinatosha na chenji inabaki. Haitoshi. Ongeza masikio ya paa, huku ni sentimita 60 kila upande, inakuwa 13.2 kwa 10.2, karibu 135. Alafu mtelemko. Weka pima maji usawa, mita moja, pima chini umeshuka kiasi gani. Hapa ni sentimita 36, zidisha kwa 1.063, unapata 143. Ingekuwa 50 ungezidisha kwa 1.118. Paa liwe la pande mbili au nne, ilimradi mtelemko ni mmoja, eneo ni hilohilo, ila la pande nne lina vipande vingi vya kukata kwenye kona kwahiyo ongeza asilimia 10, inafika kama 157. Na roli la mita 1.2 kwa 40 ukishapandisha sentimita 10 juu ya lenzake linabaki na 44. 157 kwa 44, roli nne. Anzia chini, la juu lilalie la chini, na mwisho liishie ndani ya gata, sio nyuma ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa.

La mwisho, kwa wenye nyumba za zamani mnaotaka kuipiga kwa ndani. Foili inapitisha umeme. Australia mwaka 2009 na 2010 kuna vijana walikufa kwa shoti wakipiga pini za chuma kwenye foili darini, na serikali ikasimamisha hiyo kazi. Nyaya za dari zetu mnazijua zilivyolala ovyo. Zima meni swichi, mwite fundi umeme azipandishe kwenye mabomba kwanza, ndo upande na stepla yako.

Haya, fundi ananiita kule juu, anataka roli la kwanza.