Insulini safarini: kibegi cha barafu au mfuko wa maji?

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Kwa akiba ya namna hiyo kibegi cha barafu ndicho kinachofaa, ila kina hatari yake: dawa ikigusana na barafu yaweza kuganda, na insulini iliyoganda ni ya kutupa hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Izungushie taulo kwanza. Barafu nayo huyeyuka, na kuipata nyingine njiani ni kazi.

Mfuko wa maji hauhitaji friji. Unaulowesha dakika chache, chembe za ndani zinavimba, kisha maji yanapokauka polepole yanaondoa joto. Haugandishi kitu. Lakini haufikii baridi ya friji, na penye unyevunyevu mwingi hewani hufanya kazi kwa shida. Ukiufungia kwenye begi lisilopitisha hewa, ndiyo basi tena.

Kwa kalamu ya insulini (kifaa cha kujidungia dawa) inayotumika sasa, ambayo aina nyingi huvumilia joto lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban siku 28, mimi ningechukua wa maji. Dawa nyingine za sindano zina masharti yake. Soma karatasi ya dawa. Na kwenye ndege dawa ikae nawe, pamoja na barua ya daktari, si kwenye mizigo ya chini.