Injini Nzima, Wakataka Kuifungua

Hasira hii ninayo tangu kusi ianze, leo naitoa. Nina jetiski ya kupandisha wageni Nyali. Siku hiyo nikakamua mpaka mwisho: injini ikapiga kelele, mizunguko yake kwa dakika ikapita 8,000, mahali ambapo sijawahi kuiona ikifika, lakini chombo kikawa kinajikokota kama kinaburuta nanga.

Nikaipeleka gereji moja ya boti Mtwapa. Nikaanza kumweleza mkuu wao kwamba injini inapanda ila mwendo haupo. Hakuniacha nimalize. "Mzee, kama unajua, si ungetengeneza mwenyewe?" Mbele ya wateja! Mtu niliyekulia baharini.

Wakabadilisha plagi, wakasafisha nozeli, wakaiwasha juu ya trela kwa mpira wa maji. Ikalia vizuri. Italiaje vibaya? Juu ya trela pampu, ile inayotupa maji nyuma ili chombo kiende, haina maji ya kusukuma, injini haina mzigo. Tukaishusha majini, yale yale. Sasa wakageukia pistoni, eti wafungue injini.

Jamani, injini iliyochoka haipandi, inakwama chini. Inayopitiliza mizunguko bila mwendo, impela, yaani ile feni ya ndani ya pampu, haishiki maji. Fundi wa jeti hutazama hapo kabla ya kushika spana.

Nikitoka, kijana mmoja anayejifunza kazi pale akaninong'oneza, "Baba, chungulia chini." Nikachungulia usiku ule kwa tochi. Kamba ya nailoni ya buluu, ya nyavu, imejisokota kwenye shafti mbele ya impela, imeshikana na mwani mpaka imekuwa donge. Nikaikata kidogokidogo kwa kisu cha jikoni. Ringi ya pampu, ile inayoizunguka impela, nayo imechimbika, ukucha unazama, na nafasi inayotakiwa kati yake na impela haifiki hata milimita moja. Nimebadilisha ringi, chombo kinaruka kama zamani.

Nisiwaonee: plagi nilizorudishiwa, mbili zilikuwa na kutu kweli. Na nyaya walizifunga kwa usafi. Pengine mwenye ugonjwa wa injini hasa, aende tu.

Hapana, nafuta hilo. Yule kijana alijua tangu siku ya kwanza. Nilimsikia akianza kusema "pampu", mkuu wake akamtuma chai. Msiende. Plagi nimelipia. Hizo siku mbili za "uchunguzi" wanazonidai, silipi.