Mbolea ya nyungunyungu: mali safi, mdomo mchafu

Naanza na yule kijana aliyeniuzia mbolea ya nyungunyungu, maana nikianza na mbolea yenyewe nitaishia kuisifu, na sikukaa kuandika haya ili nimsifu mtu.

Duka silitaji. Liko Mombasa upande wa bara, ukishavuka daraja kutoka kisiwani si mwendo mrefu, na ni agroveti kama agroveti nyingine: chakula cha kuku, dawa ya kupe, mbegu, na siku hizi mbolea ya nyungunyungu, yaani kinyesi chao, iliyotiwa mifukoni. Nilikwenda siku za karibu na mfungo, jua la kaskazi liko utosini, mie na buibui langu na ushungi wangu, mkononi nimeshika kikopo cha udongo niliouchota kwenye ndoo ya nyanya. Niliubeba makusudi. Nilitaka anayeuza kitu anieleze kitu chake kinakwendaje na udongo ulioshazaa.

Nikatoa salamu. Kimya. Nikairudia, akaitika huku macho yamo kwenye simu.

"Mwanangu, udongo huu nimeshaupandia, nataka kuutumia tena. Hii mbolea yenu nitie kiasi gani?"

"Huo umekufa. Mwaga, nunua mwingine, upo hapo nje."

"Udongo hufaje?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Akanitazama, akakitazama kikopo, akacheka. "Kwani mamangu wapanda nini wewe?"

Nikamtajia: nyanya, pilipili mbuzi, mchicha, mrehani.

"Nyanya!" Akawageukia wateja wengine kama aliyepata mashahidi. "Watu wa nyanya hawaulizi haya. Wanaokuja hapa kuuliza mambo ya kurudia udongo na mavi ya nyungunyungu ni watu wa ule mti." Akatia vidole viwili mdomoni, akavuta pumzi, akafumba macho. "Sema tu, mamangu, usione haya. Hiyo nayo ni mboga."

Watu wakacheka. Na katika waliocheka alikuwamo mama wa mtaani kwetu, kaja kununua chakula cha vifaranga. Anayeijua Mji wa Kale hahitaji kuelezwa yaliyofuata. Kufika Maghrib, muuza viazi karai wa pale pembeni akanisalimia kwa tabasamu ambalo sijapata kuliona usoni pake tangu aanze kuuza viazi.

Nilimwuliza yule kijana, "Mamako yu hai?" Akasema yu hai. Nikamwambia, "Basi mpe salamu zangu, na umweleze jinsi ulivyonipokea." Kicheko kikakatika kidogo. Nikalipa mfuko mmoja, nikatoka. Ndiyo, nililipa. Nimevuka daraja zima kwenye matatu isiyo na hewa, nirudi mikono mitupu kwa ajili ya mdomo wa mtoto?

Nikapiga nambari iliyoandikwa kwenye mfuko. Akapokea mwenye duka, mpole, sauti ya asali. "Alikutania tu, mama." Utani una watani wake. Kabila kwa kabila, babu na mjukuu, shemeji kwa shemeji, hao hutaniana na hakuna anayekasirika. Mie na mtu wa kaunta tumetaniana lini? Na utani wa kumtangaza mtu kuwa ni mkulima wa bangi, katika nchi ambayo sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994 inakupeleka gerezani kwa mmea uliouotesha kwenye kopo, huo si utani wa kufanyiwa mtu mbele ya kadamnasi. Umri huu nionekane jela ya Shimo la Tewa kwa sababu ya mrehani!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ndani ya upuzi ule mna chembe ya ukweli. Waliochambua sana mambo ya kurudia udongo wa kwenye vyombo ni wakulima wa bangi wa Marekani. Kwao jimbo la Colorado liliruhusu watu wazima mwaka 2012, California ikafuata 2016, na mtu akishakuwa na ndoo zake nyumbani bila ya kuogopa mlango kugongwa, hupata muda wa kufikiri. Walichogundua si siri. Udongo uliolishwa mboji na samadi haumaliziki kwa msimu mmoja, unachopungua ni chakula. Kwa hivyo hawaumwagi. Mmea ukishavunwa, wengine hukata shina usawa wa udongo na kuiacha mizizi ioze humohumo, wakaweka juu mbolea ya nyungunyungu kama unene wa vidole viwili, wakafunika kwa majani makavu, wakamwagilia kidogokidogo na kungoja wiki kadhaa kabla ya kupanda tena. Wengine huumwaga wote sakafuni, wakatoa mizizi minene, wakachanganya, wakauacha utulie mwezi au zaidi. Aliyekuwa akitia mbolea ya chumvichumvi ya dukani ndiye mwenye kazi, maana ile chumvi hubaki ndani ya chombo na lazima aisuuze kwanza. Basi. Hayo nimeyasoma, nimeyachukua, nikayapeleka kwenye nyanya. Mtu akijifunza kuogelea kwa mvuvi, si lazima naye awe mvuvi.

Na huku kwetu sababu ya kurudia udongo ni kubwa kuliko kwao. Kisiwani udongo hakuna. Nyumba imegusana na nyumba, chini ni mawe ya matumbawe. Gunia la udongo mwekundu huja kwa tuktuk kutoka bara, kisha hamali aupandishe ngazi zile za zamani, nyembamba, giza, hadi darini, juu ya paa ninakopandia, na kila ngazi anaongeza bei. Aniambiaye "mwaga" ajitolee yeye kuupandisha mwingine. Na niumwage wapi? Kwenye kichochoro?

Halafu anasema umekufa. Mtu anafanya kazi upande wa bara na hajui kilicho Bamburi! Pale palichimbwa mawe ya saruji hadi pakabaki mwamba mweupe mtupu, hapana hata ukoka. Kuanzia 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda kile cha saruji, akapanda mivinje, kwa sababu mvinje huvumilia chumvi na jua. Mivinje ikaangusha majani, lakini majani yakawa hayaozi, yamelala tu. Akaleta jongoo, wale wekundu wa miguu, wakala majani, wakanya, na kinyesi chao kikawa ndiyo udongo. Leo watoto wa shule hupelekwa Haller Park kulisha twiga chini ya msitu uliosimama juu ya mavi ya jongoo. Kama mwamba umefufuka, ndoo yangu imekufa vipi?

Haya, mfuko. Niliufungua juu, upande wa kivuli, bado nimekasirika, nikitaka sana uwe mbovu. Nilitaka ninuse uvundo nipate la kuandika. Sikunusa uvundo. Kilichotoka ni kitu cheusi kama buni iliyokaangwa ikasagwa, punje ndogondogo zinazoshikana ukizifinya na kuachana ukizigusa. Nilifinya konzi moja kwa nguvu zangu zote, likatoka tone moja la maji, likaninginia kwenye kidole cha mwisho, halikuanguka. Ndivyo inavyotakikana, yenye kuchuruzika ni bovu, na iliyo vumbi vijidudu vyake vyema vimeshakauka. Harufu ni ya ardhi tu, ile ya mvua ya kwanza. Nikaichekecha kwenye kipande cha chandarua, na juu ya chandarua vikabaki vijiyai vya rangi ya manjano iliyofifia, vimechongoka ncha. Vile ni vifuko vya nyungunyungu, na kimoja huweza kutoa watoto zaidi ya mmoja. Nikavirudisha ndooni. Nilikuwa nimenunua mbolea, nikapewa na mifugo bure.

Nilikasirika zaidi. Kitu kizuri namna ile, kinauzwa na yule!

Namna nilivyokitumia nieleze, maana dukani hutaelezwa. Nilianza kwa kuusuuza udongo wa zamani. Ndoo zangu hunywa maji ya kisima mfereji ukikauka, na mfereji wetu wajulikana, na kisima cha kisiwani kina chumvi. Ile chumvi hujikusanya, utaiona imefanya ukoko mweupe ukingoni mwa ndoo. Nilingoja mvua. Maji ya mkokoteni siyanunui ili niyamwage kwenye udongo. Mvua ikapita ndani ya ndoo, ikatoka kwenye matundu ya chini, mpaka ule weupe ukatoweka. Baada ya hapo nikapima kwa kikombe, vinne vya udongo wa zamani kwa kimoja cha mbolea ya nyungunyungu, na konzi za makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa ili udongo uwe na pumzi. Usizidishe ukidhani nyingi ndiyo nzuri. Ikipita sana theluthi ya ndoo, miche midogo hudumaa. Wale wa Marekani huongeza maganda ya chaza yaliyosagwa. Sisi tusiige hilo kwa pupa: udongo wa pwani umetokana na matumbawe, chokaa tayari imo, ukiizidisha majani yatageuka manjano na utamlaumu nyungunyungu bure. Kunao wanaotia mwani, na mwani tunao, kina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanaulima. Mie sijautia.

Ndoo moja niliiweka kando. Mizizi ya nyanya ilikuwa na vinundu, ule ugonjwa wa minyoo fundo, na hao hawaondoki kwa sala wala kwa mbolea. Udongo wake niliutandaza juu ya sakafu, nikaulowesha, nikaufunika karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, nikabana kingo kwa matofali, jua la Mombasa likafanya kazi yake kwa wiki kadhaa. Hilo ndilo swali la pili nililokuwa nimemwendea yule kijana. Sikufika hata kuliuliza.

Matokeo sasa, na hapa kalamu inakuwa nzito. Mchicha ulitoka mnene, majani mapana, ukikata leo baada ya siku chache umerudi. Mrehani ulinukia hadi jirani wa chini akauliza kuna harusi ya nani. Nyanya hazikuwa kubwa, lakini zilishika, na msimu uliopita katika udongo uleule maua yalikuwa yakipukutika tu. Nikiinua matandazo ya makuti, nyungunyungu wadogo, wembamba, wekundu, wanajificha chini. Wametoka kwenye vile vifuko. Ndoo nimezisogeza zote kwenye kivuli cha ukuta, kwa sababu hawa joto la chombo likipita nyuzi 35 huanza kufa, na darini saa saba mchana hata paka hapiti.

Kwa hivyo mkiniuliza kuhusu mbolea, nunueni. Hapana, ngojeni. Nikisema nunueni, yule kijana atapata kamisheni. Msinunue. Lakini mkiacha kununua anayeumia ni yule anayefuga nyungunyungu, ambaye simjui, hajanikosea neno, na kazi yake ni safi kabisa. Nimejaribu maduka mengine mawili: moja waliniuzia samadi ya ng'ombe iliyosagwa wakaiita ya nyungunyungu, na nyasi zimo, zinaonekana, jingine mfuko ulinuka yai viza na muuzaji akaniita "mama yangu mpenzi". Adabu anayo, mbolea hana. Sijui Mungu aligawa vipi.

Mfuko wangu wa pili umekuja kwa bodaboda, kwa jina la mume wangu, ambaye ukimwuliza ndoo ziko wapi atakuonyesha za bafuni. Wenye duka walimpigia yeye kumshukuru. Akawaambia karibuni, mke wangu ndiye mtaalamu. Wakamwuliza mtaalamu wa nini. Nilimpokonya simu.

Mwenye duka ameahidi kuzungumza na kijana wake. Sijui kama amezungumza. Yule mama wa vifaranga, naye, alipanda juu kwangu wiki iliyopita kwa kisingizio cha kuomba mrehani, akazunguka ndoo moja baada ya moja, akainua majani, akachungulia nyuma ya tangi la maji. Nilimfungia fungu kubwa la mrehani na mchicha, nikamwambia akapike, ale, kisha alale, na akiamka na kichwa chepesi aje aniambie.

Kama utakwenda licha ya yote haya, chukua mfuko wa ndani kabisa, si ile iliyopangwa mlangoni, hiyo imepigwa jua na vijiyai vyake vimekauka. Ukunjue mdomo wa mfuko hapohapo, tia mkono, nusa. Lipa. La udongo usimwulize.